Kabla ya Roketi, Tafuta Maji

Wasomaji wengi wakimaliza riwaya ya anga, ile yenye dola zinazogombea sayari na majeshi yanayosafiri kati ya nyota, huisifu au kuiponda kwa silaha zake. Kombora lilikuwa kali, chombo kilikuwa cha ajabu, vita vya sura ya mwisho vilisisimua. Mimi naomba silaha ziwekwe kando kwanza. Mtu wa Ngara au Biharamulo ana kipimo bora kuliko hicho, kwa sababu wilaya hizi mbili za kaskazini-magharibi mwa Tanzania zimeyaona kwa macho mambo ambayo waandishi wengi wa riwaya hizi waliyawaza tu mezani: umati ukihama kwa siku moja, mji ukiota porini, mpaka ukielemewa, lugha zikikutana kwenye foleni ya maji.

Kwa hiyo ukiletewa riwaya ya namna hii, usianzie kwenye vita. Fungua kurasa ambamo wasafiri wamekwisha kukaa chomboni muda wa kutosha, kisha uliza: maji wanayapata wapi?

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, inakadiriwa watu 250,000 kutoka nchi hiyo walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Leo mashirika ya misaada huhesabu angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: lita 3,750,000 kila siku inayopambazuka, yaani madumu 187,500 ya lita ishirini. Hapo bado hujaweka vyoo. Bado hujaweka kuni, maana watu hao wote walipika, na miti ikakatwa hadi mwendo wa kutafuta kuni ukawa mrefu kila wiki, na wenyeji nao wakajikuta wanashindania mti mmoja na wageni wao.

Sasa rudi kwenye riwaya yako. Mwandishi amepakia robo milioni ya watu katika chombo kimoja, amekirusha kutoka nyota hii hadi ile, na katika kurasa mia tatu hakuna aliyewahi kupanga foleni, kuiba maji, wala kugombana juu ya zamu ya bomba. Mwandishi huyo hajajenga dunia. Amepaka rangi pazia la jukwaa. Sidai somo la uhandisi, kwani maelezo marefu ya mitambo nayo ni ugonjwa mwingine wa riwaya hizi. Tukio moja dogo lililowekwa mahali pake linatosha.

Mfano wa tukio la namna hiyo umo katika Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965. Arrakis ni sayari kame, na wakazi wake wa jangwani huvaa mavazi yanayonasa jasho na kulirudisha kuwa maji ya kunywa. Kiongozi wao mmoja anapokutana na mtawala mgeni, anatema mate mezani mbele yake. Walinzi wa mtawala wanakaribia kumvamia, hadi mmoja aliyeijua jamii ile anapoeleza kwamba bwana wao amepewa zawadi: unyevu wa mwili wa mtu. Hakuna ukurasa wa takwimu za mvua pale. Kuna mate juu ya meza, na msomaji ameielewa sayari nzima, sheria zake, heshima zake na hofu zake. Ukikuta tukio la namna hiyo, endelea kusoma kwa imani, mwandishi anajua anachofanya.

Mkenya Wanuri Kahiu alifanya jambo linalofanana na hilo katika filamu yake fupi ya Pumzi, ya mwaka 2009. Humo Afrika Mashariki imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho na mkojo wa kila mmoja hurudishwa kuwa mgawo wake wa maji. Mhusika mkuu anapoamua kumwagilia mche kwa maji yake mwenyewe, huhitaji kuelezwa kwamba ameuweka uhai wake rehani. Umekwisha kuona mgawo wenyewe ulivyo.

Kipimo cha pili ni mizigo. Mtu anayehama sayari amebeba nini, na kile alichobeba kinafanya kazi gani baadaye? Waliovuka Rusumo walibeba mikeka, masufuria, majembe, watoto mgongoni. Walinzi wa upande wa Tanzania wakawanyang'anya silaha, na lundo la mapanga lililokusanywa pale mpakani lilipigwa picha zilizozunguka dunia. Kila kitu katika orodha hiyo kina habari yake: aliyebeba jembe alitarajia kulima, aliyebeba panga alitarajia jambo lingine, na mtoto alibebwa kwa sababu hakuna wa kumwachia. Katika riwaya mbovu, wahusika hufika sayari mpya mikono mitupu au na begi lisilofunguliwa kamwe. Katika Binti, riwaya fupi ya Nnedi Okorafor ya mwaka 2015 iliyoshinda tuzo za Hugo na Nebula, msichana wa Kihimba anaondoka nyumbani kwenda kusoma chuo kikuu cha sayari nyingine akiwa amejipaka otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ambao wanawake wa kwao hujipaka. Wasafiri wenzake wanamcheka. Baadaye udongo huo unageuka kuwa dawa kwa adui zake, na mwendo wa hadithi unabadilika kwa sababu yake. Hapo utamaduni unafanya kazi ndani ya msuko, haukutundikwa kama pambo. Nimewasikia wasomaji wakiisifu riwaya hii kwa kuwa ina Mwafrika angani. Sifa hiyo ni ndogo mno. Isifiwe kwa otjize.

Kisha mpaka na dola. Riwaya za anga hupenda dola kubwa kuliko akili inavyoweza kushika, zenye makao makuu yaliyo mbali, na sayari mamia chini yake. Nenda Biharamulo ukalitazame boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, kisha uulize swali ambalo boma hilo linamlazimisha mtu kuuliza: maofisa wachache kiasi kile, mbali kiasi kile na bahari, waliwatawalaje watu wengi namna ile? Jibu lina machifu waliotumiwa, askari walioajiriwa kutoka kwingine, kodi iliyomlazimisha mtu kutafuta fedha ambazo jana hakuzihitaji, na amri zilizochukua muda mrefu kufika. Dola ya kwenye riwaya isipokuwa na vitu vya aina hiyo, isipokuwa na chifu anayecheza pande mbili na mtoza kodi anayechukiwa kwa jina lake, hiyo si dola, ni rangi kwenye ramani. Na ramani nazo zina historia. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni kugawana mipaka, kwa hiyo mtu angeweza kuhamishwa nchi bila kuondoka shambani kwake. Mwandishi anayeandika kwamba sayari fulani ilikabidhiwa kwa mkataba, halafu asimwonyeshe hata mkulima mmoja aliyeamka akiwa raia wa wengine, amepoteza sura nzuri kuliko vita vyake vyote.

Lugha nayo inahusika hapo hapo. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wanasikilizana vizuri, lakini kila mmoja humtambua mwenzake anatoka wapi kabla hajamaliza sentensi. Sayari elfu zikiongea lugha moja bila lafudhi, bila mkalimani, bila mtu anayejinufaisha kwa kuwa peke yake anaelewa pande zote mbili, jua kwamba mwandishi amejirahisishia. Jaribio langu la mazungumzo ni kusoma kwa sauti. Ngara ni wilaya yenye Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na wengi wetu tumezoea kumjua mtu kwa sauti kabla ya sura. Soma ukurasa wa mazungumzo huku ukiyaruka majina. Ukishindwa kujua ni jenerali anayesema au mpishi, kasoro iko kitabuni, usijilaumu.

Umbali unahitaji maneno machache tu. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu iko umbali wa miaka ya nuru 4.2. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali huo. Mwandishi ana haki ya kubuni njia ya mkato, lakini njia hiyo lazima idai malipo. Katika Dune safari za nyota hutegemea kiungo kinachopatikana katika sayari moja tu, na vita vyote vya kitabu vinatoka hapo. Njia ya mkato isiyomgharimu mtu chochote huua hadithi, maana kila hatari inakimbilika.

Na sisi je? Kwa Kiswahili rafu ya riwaya za anga ni fupi. Kuna majirani zake wanaopita kwenye ndoto, mizimu na dunia zilizoharibika: Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za mwaka 1990 na 1991, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ya 2001, Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya 2002. Lakini inayopanda chombo na kwenda sayari nyingine waziwazi ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapwa Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mtu wa pwani ya Kilifi. Pwani hiyo hiyo, karibu na Malindi, ndiko kulikokuwa na jukwaa la San Marco ambalo Waitalia walilitumia kurushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru iliondokea hapo kwenda kuchunguza miale ya eksirei angani. Mwaka 1986 Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya bila kufunguliwa mashtaka.

Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Ananusurika, anafika sayari ya Walenisi, na huko anakuta jamii inayoishi kwa usawa. Pima ubunifu huo. Utawala umefikia kilele cha sayansi, umeweza kutengeneza chombo cha kwenda nyota, na matumizi yake ya kwanza yanayoujia akilini ni kumwondoa mtu anayehoji. Roketi imegeuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiunda. Kwa kipimo chochote hilo ni wazo la daraja la juu, na nasikitika kwamba mara nyingi kitabu hiki hutajwa kwa siasa zake tu bila kutajwa kwa ufundi huu.

Udhaifu wake uko baada ya kutua. Wenyeji wa Walenisi wanaeleza mno. Wanamfundisha mgeni namna jamii yao inavyokwenda, naye anauliza, nao wanajibu, na msomaji anakaa darasani. Ningetaka kuona mtu wa Walenisi akiwa amechoka, zamu ya kazi ambayo hakuna anayeipenda, ugomvi mdogo kati ya majirani na namna ulivyoamuliwa bila polisi. Usawa hupimwa kwenye kazi chafu: nani anasafisha choo? Hata hivyo simshushi Mkangi chini kwa sababu hii. Mtu aliyenyimwa hata mahakama ya kujitetea ana sababu ya kutaka kueleza, na joto la maelezo yake si la kuigiza. Msomaji anayesema Walenisi inachosha yuko sahihi kwa kurasa kadhaa. Anayesema haifai hajaisoma sura za safari kwa makini.

Jambo moja zaidi ambalo msomaji wa huku analiona haraka ni anga yenyewe. Ngara iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja mtu anaweza kuona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, na katika giza la vijijini zinaonekana vizuri. Waandishi wengi waliokulia Ulaya na Marekani huitazama mbingu ya kaskazini wakidhani ndiyo mbingu. Mwandishi wetu akimweka mhusika wake Rulenge, humu Ngara, halafu akamnukulia nyota kutoka vitabu vya wengine, mkamate hapo. Aende nje usiku aangalie.

Kuhusu maoni ya wasomaji wenzako, yapokee kwa utaratibu. Dereva wa lori anayelala Nyakanazi akingoja asubuhi aendelee kwenda mpakani Rusumo au Kabanga atakuambia upesi kama safari ya kitabu ni ya kweli, maana anajua uchovu wa njia, vizuizi, mafuta na usingizi wa kuibia. Mwalimu wa sekondari ataona lugha. Aliyewahi kuishi kambini, Benaco au Lukole, ataona mambo ambayo hao wawili hawatayaona, na akikwambia kwamba watu wa kwenye chombo hiki hawajawahi kungoja kitu maishani mwao, andika maneno hayo pembeni ya ukurasa. Lakini yeyote kati yao akisema kitabu ni kizuri au kibaya, mwombe akufungulie ukurasa. Asipoweza, subiri hadi akisome tena.