Mashine Ipi Iende Nyarugusu?

Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees ilisimamisha kuta za shule wilayani Salima, Malawi, kwa saa 18. Ilitumia BOD2, mashine ya kuchapa majengo inayoundwa na COBOD ya Denmark. Baadaye teknolojia hiyo ikafika Kilifi, Kenya, kwenye mradi wa nyumba 52 wa Mvule Gardens. Je, ingeifaa Nyarugusu, kambi ya Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na kufurika tena Warundi walipoingia mwaka 2015?

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Fremu ya chuma huzunguka kiwanja, na kompyuta huongoza mdomo unaomwaga mchanganyiko wa saruji tabaka juu ya tabaka. Mchanganyiko huo sharti upite bombani bila kuganda, kisha ushike upesi ubebe tabaka linalofuata. Maji yakizidi kidogo au jua likiwaka sana, ukuta unaharibika. Tena saa 18 ni za kuta tu: msingi, paa, milango na madirisha hubaki kwa mafundi.

Mashine hiyo inaokoa nguvu kazi, na Nyarugusu nguvu kazi ipo tele, hasa kwa kuwa sheria inawabana wakimbizi kufanya kazi nje ya kambi. Kinachokosekana ni saruji, ambayo lazima isafirishwe kutoka mbali, na kuni. Matofali mabichi ya udongo hulika chini msimu wa mvua. Ya kuchoma yanamaliza miti.

Kwa hiyo cha kuiga kwa 14Trees ni kazi yake nyingine: Durabric, tofali la udongo na saruji lisilochomwa. Jina la kampuni linatokana na hesabu kwamba nyumba moja ya matofali hayo huokoa hadi miti 14. Hapa Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Asili ya mashine za namna hii ni CINVA-Ram, iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950.

Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji kidogo, hutiwa kwenye kalibu, kisha wenzo huvutwa. Tofali hutoka na meno yanayoshika tofali la juu yake, hivyo hapahitajiki udongo wa kuungia. Fundi akipanga mstari wa kwanza kwa pima maji, mingine hufuata. Usahihi umehama kutoka mkononi mwake kwenda kwenye kalibu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mashine ya kuchapa pia, ila hii ya mkono haihitaji umeme.

Udhaifu uko kwenye kupima. Mchanganyiko hufinyangwa donge na kuangushwa: likisambaratika, umekauka mno, likibonyea bila kupasuka, maji yamezidi. Baada ya hapo matofali hufunikwa na kumwagiliwa angalau siku 7, hatua ambayo vibarua wenye haraka huiruka.

Basi fedha zikipatikana, ziende kwanza kwenye mashine ya kuchanganyia yenye vipimo thabiti, kisha kishindilio cha injini ya dizeli. Printa ingoje mpaka saruji ishuke bei na mafundi waadimike.