Simu Mbili Zilizobadilishwa Mezani

Marafiki saba wa miaka mingi wamekaa kula chakula cha usiku, na simu zao zote ziko mezani. Kanuni ni moja: meseji ikiingia inasomwa kwa sauti, simu ikiita inapokelewa kila mtu akisikia. Ndiyo mtego wa Perfectos desconocidos, filamu ya vichekesho aliyoiongoza Manolo Caro nchini Meksiko mwaka 2018, akiitoa kwenye filamu ya Mwitaliano Paolo Genovese ya mwaka 2016. Hadithi hiyo imezunguka dunia hadi Guinness wakaiandika mwaka 2019 kuwa filamu iliyotengenezwa upya mara nyingi kuliko zote, mara 18. Ninataka kufungua kifaa kimoja tu kilichomo ndani yake: namna rafiki anayependa wanaume wenzake anavyoingizwa kwenye hadithi.

Mwandishi mvivu angempa tukio la kukiri, machozi kidogo, kisha kukumbatiana. Genovese alifanya kazi ngumu zaidi. Mume mmoja anasubiri picha kutoka kwa mwanamke wa nje, naye anamsihi rafiki aliyekuja peke yake wabadilishane simu, kwa kuwa zinafanana. Picha inafika na kumwangukia yule mseja. Watu wanacheka, yanapita. Lakini baadaye zinaanza kuingia meseji za mapenzi kutoka kwa mwanamume, kwenye simu ambayo wote wanaamini ni ya yule mume. Akijitetea, ameumbua uzinzi wake na siri ya rafiki yake kwa pamoja. Ananyamaza, na mtama unamwagika kwenye kuku wengi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Mwenye siri amekaa palepale, kimya, akisikia marafiki zake wakimwambia mwingine yale ambayo wangemwambia yeye. Maneno ya kuumiza yanatangulia. Mlengwa atajulikana baadaye. Sisi watazamaji, tunaojua simu ni ya nani, hatuna budi kufuata nyuso mbili kwa wakati mmoja: uso wa anayeshambuliwa na uso wa anayevumilia. Mwanzoni tunacheka kwa sababu mzinzi kanaswa kwa kosa lisilo lake. Kicheko kilekile kinakwama kooni mara tunapogeuza macho kwenye kiti cha pili. Hakuna hotuba yoyote iliyohitajika.

Kifaa hiki kilipofika Meksiko kilipata uzito mpya. Jiji la Meksiko limeruhusu ndoa za jinsia moja tangu Machi 2010, kwa hiyo sheria si kisingizio tena. Anachokiogopa mwenye siri ni watu anaowapenda, waliomfahamu tangu zamani.

Viti vyenyewe, hata hivyo, vinanisikitisha. Wote saba ni watu wa tabaka moja, wenye sura ambazo televisheni ya Meksiko imezipendelea kwa miongo mingi. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam tuliokulia kwenye telenovela tunazijua vizuri, na wengi wetu tuliamini kwamba Meksiko nzima iko hivyo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaozungumza lugha za asili, na zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Mwaka uleule wa 2018, filamu ya Roma ya Alfonso Cuarón ilimweka Yalitza Aparicio, mwanamke wa Tlaxiaco, Oaxaca, katikati ya picha kama mfanyakazi wa nyumbani, naye akateuliwa kuwania Oscar.

Siwalaumu waigizaji; Cecilia Suárez na Mariana Treviño ni mafundi wa kweli. Ninadai kitu kwenye mswada, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mchezo huu unamruhusu yeyote mwenye namba ya simu kuingia chumbani. Binti wa wenyeji anaingia kwa sauti tu, akimwomba baba yake ushauri juu ya kijana anayempenda, na hiyo ndiyo sehemu yenye upole kuliko zote. Meksiko ina wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya milioni 2, nao wanazijua siri za nyumba kama hizi kuliko wageni wote wa chakula cha usiku. Mmoja wao angepiga simu kuulizia mshahara wake, na kwa kanuni waliyojiwekea wenyewe, wote saba wangelazimika kumsikiliza.