Wanaogeuza Tanga

Anayekwenda Kilwa Kisiwani huoneshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na ngome ya Gereza. Waokoaji wa baharini hawamo katika mawe hayo. Ukitaka kuwaona, nenda Kilwa Kivinje alfajiri, mashua zinaporudi.

Wakati wa kusi, nahodha akiona ngalawa imepinduka, hakimbilii kwa pupa. Anatua tanga, au anazima mashine mapema, maana panga la mashine halichagui mguu. Kamba hutangulia. Aliyechoka huvutwa kwa nyuma, tezini. Wawili wakielemea ubavu mmoja, mashua nayo hulala. Baharia mmoja anafua maji, mwingine anahamia upande wa pili kuweka uzani, na yote haya gizani, kwa sauti za mkato.

Na kumbuka, wakati huo wote barafu ya samaki inayeyuka. Petroli ya kurudi kumtafuta mtu hailipwi na yeyote, na usiku wa kuvua umekwisha.

Siku hizi kuna simu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema. Kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 hakuna aliyepigiwa simu kuhusu ujio wake. Lakini tahadhari haimfikii aliye tayari majini. Huyo anamtegemea jirani aliyeko karibu.

Nilimwona nahodha mmoja akimvisha kijana aliyemwokoa shati lake kavu, kisha akaenda mnadani na samaki waliokwisha kulegea. Bei ilishuka. Alihesabu noti, akazikunja, akaanza kuosha mashua.