Tunafundishwa disketi, tunapoteza flashi

Ndugu wa chama, wadogo wawili wa hapa Baraka waliniomba niwasaidie kurudilia kozi ya informatiki. Nikafungua silabusi yao. Disketi ya inchi 3.5, uwezo Mo 1.44, herufi A. Kumbe ni ile ile tuliyofotokopia sisi, hata kosa la kupiga mashini kwenye ukurasa wa pili bado liko pale pale.

Mimi sikatai disketi. Nakataa namna inavyofundishwa. Miaka ya 1980, disketi ya Macintosh ya K 800 ukiiingiza ndani ya PC haikusomeka, juu Macintosh ilikuwa inabadilisha mwendo wa kuizungusha na PC hapana. Disketi nzima, kazi imo ndani, lakini mashini inaona kama haijaformatwa. Mwaka 1988 Apple ikatoa kisomeo cha kupokea za pande zote mbili. Hayo yangetufundisha kitu: mashini ikisema haioni kitu, si lazima kitu kiwe kimekufa. Lakini ndani ya silabusi kuna tarakimu tu, za kukariri juu ya intero.

Sasa ona. Mwenzetu mmoja alishuka kutoka Fizi na TFC yake ndani ya flashi, aje kuiprinta. Flashi ilikuwa na ile virusi inayoficha dokima na kuacha vialama vya njia ya mkato. Kijana wa sekretaria akatazama, akasema: "Hii imekufa, tuiformate tu." Naye, mtu wa mwaka wa tatu, aliyepita kozi vizuri, akajibu: "Fanya." Kazi ya miezi saba! Dokima zilikuwa zimefichwa tu. Amri moja ya attrib ingezirudisha.

Na hata baada ya pale bado kulikuwa na njia. Kuformata kwa haraka hakufuti kazi yenyewe. Ni kama mwalimu apasue orodha ya majina: wanafunzi wangali wamekaa kwenye benchi, ila hakuna anayewaita. Programu ya bure kama PhotoRec ingeweza kuwatafuta mmoja mmoja, mradi wasiletwe wengine kukalia nafasi zao. Lakini wenzake, eti kumfariji, wakamjazia filamu mpaka flashi ikajaa. (Ni filamu nzuri, nilizionaka.)

Mengine napita haraka. FAT32 inasomeka karibu kila mahali, hata kwenye redio ya dukani, ila inakataa dokima moja ya kufika Giga 4. NTFS inaipokea, lakini Mac inaisoma bila kuandika juu yake. exFAT inafaa pande zote mbili, ila redio nyingi za zamani haziitambui. Hiyo ni nusu ukurasa ya silabusi, na ndiyo tunayoihitaji kila siku.

Asistanti mmoja aliniambia kozi haibadiliki kwa sababu hakuna mashini za mazoezi. Sikubali. Kwa somo hili inatosha laptopu moja yenye chaji na flashi moja isiyo na kitu cha maana. Disketi zenyewe za kufanyia mazoezi tungezitoa wapi? Sony iliacha kuziuza mwaka 2011.

Wale wadogo nimewaambia waje Jumamosi na flashi zao. Kabla ya kuja, kila mmoja ajitumie kazi yake kwanza kwenye simu.