Sentensi Kuu na Methali ya Kuazima

Katika insha tunazosahihisha kuna ada moja ambayo sisi walimu tumeilea wenyewe. Mwanafunzi hufungua aya kwa "Wahenga walisema", huteremsha methali, nasi tukampa alama. Methali ni pambo la lugha, wala sipingi kufundishwa kwake. Ninalolaumu ni kuikalisha mahali pa sentensi kuu, ambayo kazi yake ni kumwambia msomaji aya hii inakusudia kuthibitisha neno gani.

Tutazame mfano nilioutunga kwa kufuata yale tuyaonayo kila muhula. Mada ni zao la ndizi nchini Uganda. "Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ndizi ni zao muhimu sana. Watu wengi hulima ndizi. Pia wapo wavuvi katika Ziwa Viktoria." Sarufi haina kosa. Lakini methali haikuahidi lolote juu ya ndizi, na "muhimu sana" haisemi muhimu kwa nani wala kwa nini. Ndipo mvuvi akaingia bila kupiga hodi.

Sasa tuifungue upya: "Mgomba humpa mkulima mdogo chakula karibu mwaka mzima." Hapa pana jambo linalozungumzwa, na pana dai juu yake. Msomaji huuliza mara moja, kwa vipi? Aya haina budi kujibu: kwamba shina moja huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, kwamba machipukizi yanayolizunguka yana umri mbalimbali, hata hili likivunwa, lile linakaribia. Mvuvi hana nafasi; na angoje aya yake.

Nadhani kosa hili lina asili katika mapenzi yetu ya ushairi. Ubeti waweza kuficha uzito wake hata kituo, na mwanafunzi hudhani kwamba kuanza kwa uwazi ni ufukara wa lugha. Lakini Shaaban Robert, mshairi wa washairi, ndiye aliyetoa pia *Kielezo cha Insha* mwaka 1954. Insha ni fani yenye kanuni zake.

Sisemi kwamba sentensi kuu lazima itangulie daima. Masimulizi yaweza kuiweka mwisho. Lakini anayejifunza na aanze kwa kuitanguliza.

Kwa wanafunzi wetu wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, na methali iliyokaririwa huwa ngao ya kujifichia. Tukiendelea kuituza, watamaliza shule wakijua methali mia, wasiweze kuandika barua yenye dai moja lililo lao.

Basi yafaa tujaribu zoezi hili darasani: mwanafunzi asome sentensi ya kwanza tu ya kila aya yake. Zikifuatana na kueleweka, insha imesimama. Asiposikia ila sauti ya wahenga, tumuulize kwa upole: na wewe, wasemaje?