Bata Mzinga wa Krismasi na Maji Yake ya Chumvi

Katoro, mkoani Geita, ni mji wa mizani. Ingia duka lolote la mnunuzi wa dhahabu utaikuta juu ya meza, ndogo, imefunikwa kioo ili hata upepo wa feni usiisumbue, na mchimbaji ameinama mbele yake anasubiri tarakimu zitulie. Katika mji kama huu, mpishi anayepima chumvi kwa gramu hachekwi na mtu.

Ninayemzungumzia ni mama wa makamo anayepika kwenye shughuli za watu, Katoro na Buseresere kwa majirani wa wilaya ya Chato. Harusi, kipaimara, misiba, zote kazipikia. Krismasi hupika bata mzinga, na sehemu ya kazi yake ninayoistahi kuliko zote hufanyika kabla mkaa haujawashwa.

Bata mzinga ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika. Watu wa Mexico walimfuga zamani sana, kisha Wahispania wakamvusha bahari karne ya 16. Wa Afrika ni kanga. Huku Geita nyumba nyingi hula Krismasi kwa kuku wa kienyeji, mbuzi, au nyama ya ng'ombe waliochangiana majirani. Bata mzinga hutafutwa na familia inayotegemea wageni wengi, na huwekewa oda mapema kwa mfugaji. Tarehe 23 asubuhi mama humwita jirani yake Mwislamu aje achinje, ili siku ya sikukuu kila atakayekaa mkekani ale bila wasiwasi. Hilo halijadiliwi, ndivyo ujirani ulivyo huku.

Shida ya ndege huyu iko kifuani. Kidari chake ni kinene na hakina mafuta, mapaja yana mishipa migumu. Ukimchoma mpaka paja liive, kidari kimekauka na kinamkaba mlaji. Ukikihurumia kidari, paja linatoka na damu kwenye kiungo. Wengi humaliza ugomvi huo kwa kumkatakata na kumtia kwenye mchuzi, na wala si kosa. Lakini anayetaka kumweka mezani mzima, mwekundu, ngozi inalia chini ya kisu, lazima amwandae kwa maji ya chumvi.

Nyama ni nyuzi za protini zilizobanana. Zikipata moto hujikunyata na kukamua maji yaliyomo. Chumvi ikiingia polepole kabla ya moto, baadhi ya protini hizo hulegea, nyuzi zinaachia nafasi, maji yanaingia na kung'ang'ania humo hata joto likipanda. Mama huyu hakusomea kemia, ila anampima ndege kabla hajamzamisha na anampima tena akimtoa. Bata wa kilo saba akitoka na karibu kilo saba na nusu, anatikisa kichwa kwa kuridhika na kumfunika kitambaa.

Kipimo chake ni gramu 60 za chumvi kwa kila lita ya maji. Kwa bata wa kilo saba anatumia lita tisa, yaani gramu 540. Hapimi kwa kikombe, na sababu yake ni nzuri: kikombe cha chumvi laini kina chumvi nyingi kuliko kikombe cha chumvi ya mawe, kwa kuwa chembe kubwa zinaacha uwazi katikati. Wapo wazee wanaopima kwa yai bichi, likielea maji yametosha. Kipimo cha yai ni cha kweli, lakini maji ya kuelesha yai yana chumvi karibu mara mbili ya hiyo, na ndege akilala humo usiku kucha hataliwa na mtu. Chumvi kali namna hiyo na kuzidi inawafaa wanaotaka nyama ikae miezi. Ndiyo ya sangara wa kayabo kandokando ya Ziwa Viktoria, anayepasuliwa, akashindiliwa chumvi, akaanikwa juani na kusafirishwa mpaka Kongo.

Nchi hii ya magharibi, kwa kweli, ni ya watu wanaoyajua maji ya chumvi. Kule Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu walizichemsha kwenye vyungu tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta masalia ya kazi hiyo. Kiangazi watu walitoka mbali kuja kuchemsha, wakawalipa ushuru watawala wa Wavinza, na chumvi ikasambaa kwa miguu katika nchi za maziwa makuu. Nikimtazama mama akikoroga sufuria yake naona elimu ileile ikielekezwa upande wa pili. Wao walitoa maji ili ibaki chumvi. Yeye anatumia chumvi ili yabaki maji.

Hachemshi maji yote. Lita mbili tu zinapanda jikoni pamoja na chumvi, sukari kiganja kimoja, karafuu chache, pilipili manga nzima, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na mchaichai. Harufu ikishatoka anaepua na kuongeza lita saba za maji baridi. Ndimu haigusi, anasema ukali wake unaikaza nyama kwa nje. Kisha anangoja. Maji yenye uvuguvugu na nyama mbichi ni ndoa mbaya, na hapo ndipo wenye haraka huharibu sikukuu ya watu. Mpaka mkono wake uhisi baridi kabisa, ndege hagusi maji.

Chombo chake ni deli kubwa, lile la wauza barafu. Bata anaingia kifua chini, kwa kuwa kidari ndicho chenye haja zaidi, na anaminywa tumboni mpaka mapovu yaishe ili maji yajaze uwazi wote wa ndani. Pembeni zinashindiliwa chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji. Hizi chupa zilinifurahisha sana. Angetia mabonge ya barafu yangeyeyuka na kuzimua chumvi aliyoihangaikia kwa mizani. Barafu iliyofungwa chupani inatoa baridi na kubaki na maji yake. Umeme ukikatika, na huku unakatika, zinabadilishwa nyingine alizoziweka akiba kwa muuza soda. Saa nane za usiku anaamka kutia mkono. Baridi ikipungua anabadilisha chupa, anafunga mfuniko, anarudi kulala.

Binti anayemsaidia alimuuliza jioni ya tarehe 23, ndege alipokuwa akizamishwa, "Shangazi, si tuongeze chumvi kidogo ili iingie haraka?"

"Hapana, mwanangu. Chumvi nyingi inazidi nje kabla ndani haijafika. Iache na saa zake."

Saa zake ni kumi na nne hivi kwa ndege wa ukubwa ule. Asubuhi ya tarehe 24 anatolewa, anachuruzishwa, anapanguswa nje na ndani kwa kitambaa kikavu, anawekwa friji bila kufunikwa mpaka alfajiri ya Krismasi. Siku hiyo nzima ngozi inakauka na kuwa kama karatasi. Pasipo kukauka huko, unyevu unageuka mvuke na ngozi inachemka badala ya kubanika.

Moto wenyewe hauna mengi. Sufuria kubwa, mawe matatu ndani yake, bata juu ya mawe, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama watu wanavyooka keki. Anapakwa mafuta, hapakwi chumvi. Saa tatu hivi zikipita, anachoma kipimajoto penye kiungo cha paja. Akiona nyuzi 74 anaepua, na anamwacha atulie kabla ya kisu. Watu wameshatoka kanisani, watoto wamesimama mlangoni, na bado haruhusu mtu kukata.

Niliangalia kisu kilipoingia. Kipande cha kidari, sehemu ambayo huwa ya mwisho kuchukuliwa, kilianguka sahanini kikiwa kinang'aa kwa maji yake, chumvi ikisikika sawasawa kutoka ngozini mpaka kwenye mfupa. Firigisi alipewa baba mwenye nyumba. Mapaja yaligombewa, lakini kidari ndicho kilichoisha kwanza, na mzee mmoja aliyekuwa amekishika kwa adabu tu akarudisha sahani aongezewe, bila kuangaliana na mtu.

Mafuta yaliyodondoka ndani ya sufuria hayamwagi wala hayatumii yote, maana yana chumvi. Anachota vijiko viwili kutia kwenye mchuzi wa pilau, anaonja, anaongeza kimoja. Mifupa inachemshwa supu tarehe 26 pamoja na ndizi mbichi, na chumvi haitiwi mpaka supu iwe imeiva na yeye mwenyewe ameionja.