Nani Anamtii Nani Ndani ya ATM

Mfanyakazi wa serikali wa Chake Chake, Pemba, anayetaka laki sita mwisho wa mwezi amezoea kuingiza kadi mara mbili. ATM nyingi za Tanzania zimekuwa zikitoa laki nne kwa mkupuo, basi anachukua, anaanza upya, na foleni nyuma yake inaguna. Lawama zote huenda kwa benki. Lakini nyuma ya kikomo hicho mna hesabu ya chuma pia: noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000, na vitoa noti vya aina iliyoenea sana hupangwa kukusanya noti 40 katika bunda moja kabla ya kulisogeza mlangoni. Zidisha mwenyewe.

Mengi tunayoyaona kwenye ATM kama uamuzi wa benki asili yake ni vifaa vinavyosikilizana, au visivyosikilizana, nyuma ya kioo. Fungua mlango wa juu wa mashine utakuta kompyuta ya kawaida, mara nyingi ya Windows, isiyopishana sana na ya ofisini. Kinachoifanya iwe ATM ni kebo zinazotoka humo: ya kisoma kadi, ya kibodi ya namba ya siri, ya printa ya risiti, za taa na sensa za milango, na moja inayopenya tundu dogo kushuka kwenye kasha zito la chini zilimo kaseti za noti. Zamani kila mtengenezaji alikuwa na waya zake na lugha yake, na benki iliyonunua mashine za kampuni moja ilifungwa hapo, programu na yote. Siku hizi kebo nyingi ni za USB, lakini kufanana kwa kebo peke yake kusingesaidia kitu.

Kilichosaidia ni makubaliano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Microsoft na watengenezaji wa mitambo ya benki walikubaliana kwamba programu ya benki isizungumze na kifaa moja kwa moja. Katikati awekwe mkalimani. Makubaliano hayo baadaye yalichukuliwa na CEN, kamati ya viwango ya Ulaya, na leo yanajulikana kwa herufi tatu, XFS. Vifaa vikagawanywa kwa aina: IDC ni kisoma kadi, PTR printa, CDM kitoa noti, SIU sensa na taa, na PIN kibodi ya siri. Programu ikiamuru CDM iandae noti 20, haijui wala haijali kama chini mna kifaa cha NCR au cha Wincor Nixdorf. Ni kazi ya mtengenezaji kuandika kiendeshi kitakachoigeuza amri hiyo kuwa mwendo wa mota na roda. Kwa benki yenye mashine chache zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti, sioni uamuzi uliokuwa na faida kuliko huo.

Faida yake ya pili haisemwi sana. Kila kifaa kinaripoti hali yake peke yake, kwa hiyo kimoja kinaweza kuugua bila kuwalaza wenzake. Karatasi ya risiti ikiisha, mashine inakuuliza kama utaendelea bila risiti. Kitoa noti kikikwama, salio bado unaweza kulitazama. Kibodi ya siri ndiyo isiyo na msamaha. Ndani yake mna kichakataji chake na funguo zake za usimbaji. Tarakimu nne unazobonyeza husimbwa humo humo kabla ya kutoka, hata kompyuta ya ATM haizioni. Ukiibandua mahali pake sensa inahisi na funguo zinafutika, na mashine nzima haina kazi tena. Kuzirudisha kwa utaratibu wa kizamani kunataka watu wawili, kila mmoja na kipande asichokijua mwenzake. Kama watu hao wako Unguja au Dar es Salaam, basi safari ya boti hadi bandari ya Mkoani inakuwa sehemu ya matengenezo, hata kama fundi aliyeko Pemba alimaliza yake kwa nusu saa.

Tushuke kwenye kasha, maana ugomvi wote wa wateja na benki unaanzia huko. Kaseti ya kawaida hubeba noti kama 2,000, zikiwa safi hata zaidi. Ikijazwa noti za elfu kumi hiyo ni milioni 20, yaani watu 50 tu wanaochukua laki nne nne. Siku ya mishahara watu 50 ni asubuhi moja. Katika mashine nyingi noti huvutwa kwa vinyonyeo vidogo vya mpira: pampu inafyonza hewa, noti ya mwanzo inanasa, roda zinaipokea. Njiani inapita chini ya sensa inayopima unene. Ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, mashine inahukumu kwamba ni mbili zilizogandana, nayo inatupwa kwenye sanduku la noti zilizokataliwa. Noti iliyokunjika pembe au iliyobandikwa gundi nayo huishia huko. Ndiyo maana karani wa benki huchambua noti kabla ya kuzipakia, na ndiyo maana unyevu ni adui mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Pemba ni kisiwa cha mvua na upepo wa chumvi. Karatasi ikinywa unyevu hugandana, na chumvi hula vichwa vya kebo. Kiyoyozi cha chumba cha ATM hakikuwekwa kumburudisha mteja.

Sasa lile swali la kila siku: vipi salio likatwe na pesa isitoke? XFS ilitenganisha makusudi amri ya kuandaa noti na amri ya kuzitoa. Mashine huomba idhini kwenye mfumo wa benki, salio linakatwa, noti zinahesabiwa na kupangwa, kadi inarudishwa, na mwisho kabisa ndipo mlango unafunguka. Kadi hutangulia kwa sababu mtu aliyekwisha kushika pesa huondoka na kuisahau. Bunda likikwama kati ya hatua hizo, programu inatakiwa iiarifu benki irudishe fedha. Mteja akichelewa kulichukua, mashine hulirudisha ndani, lakini vifaa vingi havihesabu kilichorudi: huenda alichomoa noti mbili akaacha nyingine. Hapo hakuna kompyuta itakayoamua. Lazima mtu afungue kasha, ahesabu kwa mkono na kulinganisha na kumbukumbu za mashine, na siku za kazi unazoambiwa usubiri sehemu yake huenda hapo.

Umeme nao una neno. Hadi Juni 2010, ulipoanza kufika kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya ule uliipunguzia ATM misukosuko, ingawa haukuimaliza. Umeme ukikatika noti zikiwa njiani na betri ya akiba haipo au imechoka, mashine ikiwaka tena hukiamsha kila kifaa upya. Kitoa noti husafisha njia na kusukuma kilichomo kwenye sanduku la noti zilizokataliwa.

Mkalimani wa XFS ana aibu moja kubwa. Waliomuunda walichukulia kwamba yeyote aliye ndani ya kompyuta ni mtu wa nyumbani, kwa hiyo hamuulizi mtoa amri yeye ni nani. Mwaka 2013 huko Mexico kiligunduliwa kirusi kilichoitwa Ploutus: kilipandikizwa kwenye kompyuta ya ATM, kikatoa amri zile zile halali, na kitoa noti kikatii. Wezi wengine hawakuhangaika hata na kirusi. Walifungua sehemu ya juu, ambayo kufuli yake ni nyepesi kuliko ya kasha, wakachomoa kebo ya kitoa noti na kuichomeka kwenye kompyuta yao. Benki zilikuwa zimelipia kasha la chuma nene huku kebo inayoamuru pesa zitoke ikipita nje yake. Dawa ilikuwa kufanya kitoa noti na kompyuta vizungumze kwa usimbaji na kutambuana kwanza, na toleo jipya, XFS4IoT, limeingiza ulinzi huo katika kiwango chenyewe. Hayo yalipaswa kufanywa tangu mwanzo.

Lawama yangu kwa benki zetu ni nyingine, nayo ni ya bei rahisi. Vifaa vyote hivi vinajua kwa usahihi ni nani mgonjwa: kaseti tupu, kisoma kadi kilichokwama, laini ya mawasiliano iliyokatika. Taarifa hizo zinafika kwa wasimamizi wa mashine. Mteja anaandikiwa sentensi moja kwa maradhi yote, kwamba huduma haipatikani kwa sasa, naye anageuka na kuwaambia walio nyuma kuwa mtandao hakuna. Kuandika sababu yenyewe ni mistari michache ya programu. Aliyetoka Micheweni kwa daladala hadi Wete akisoma kwamba noti zimekwisha, atapanda nyingine kwenda Chake Chake. Akisoma kwamba ni laini iliyokatika, atakaa kitako angoje.